Umejuaje? Miezi 16 ya masta ya usalama wa mitandao nikiwa nyumbani

Pepa yangu ya kwanza ya masta ilirudi na alama ndogo kuliko nilivyotegemea, na pembeni ya aya niliyokuwa naiona ndo kali kuliko zote mhadhiri alikuwa ameandika swali moja: umejuaje? Hamna maelezo mengine, hamna "jitahidi", ni hilo tu, alafu chini kidogo kalirudia kwenye aya nyingine, ukurasa wa pili tena, nikahesabu yakafika saba. Siku nzima nipo kazini nalifikiria, maana nilikuwa nimeandika kitu ambacho kila mtu kwenye fani hii anakisema, kwamba Equifax, ile kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo za watu, walidukuliwa mwaka 2017 kwa sababu hawakufanya apdeti, na nilikuwa na uhakika kabisa. Sasa hivi nina miezi 16 ndani ya masta ya usalama wa mitandao, nasoma kwa mtandao baada ya kazi, na kwa kuwa watu wengi wananifuata inbox kuuliza inakuwaje, inafaa, ni ngumu kiasi gani, nimeona niandike mara moja kwa urefu. Naanzia hapo kwenye hilo swali kwa sababu kwangu mimi ndo masta yenyewe.

Tuchukue hao hao Equifax. Udhaifu ulikuwa kwenye Apache Struts, programu ya kujengea tovuti, namba yake CVE-2017-5638, na marekebisho yalitoka Machi 2017. Wadukuzi wakaanza kuchota data katikati ya Mei mpaka mwisho wa Julai, taarifa za watu kama milioni 147. Kwahiyo ni kweli, apdeti haikufanyika. Ila ukikaa ukasoma ripoti zenyewe, ukaachana na vichwa vya habari, unakuta tangazo la kufanya apdeti lilitumwa kabisa ndani ya kampuni, tatizo orodha ya waliotumiwa ilikuwa ya zamani na waliopaswa kulipata hawakuwemo. Wakafanya skani kutafuta huo udhaifu, skani ikapita haikuona kitu. Na kile kifaa cha kukagua trafiki kilikuwa hakioni chochote kwa sababu cheti chake cha kidijitali kilikuwa kimeisha muda, mpaka walipobadilisha cheti tarehe 29 Julai ndo wakaanza kuona trafiki ya ajabu. Yaani kila kimoja hapo kina mtu wake na kina dawa yake, na ukisema tu "hawakufanya apdeti" dawa zote hizo umezifunika.

Alafu kuna kitu kilinishika zaidi. Ripoti ya GAO, ile ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ya mwaka 2018, inasema cheti kilikuwa kimeisha muda kama miezi 10 kabla. Ripoti ya kamati ya Baraza la Wawakilishi ya mwaka huohuo inasema kifaa kilikaa miezi 19 bila kufanya kazi. Ripoti mbili, zote rasmi, tukio moja. Mtu ukiandika namba moja kati ya hizo bila kusema umeitoa wapi na kwanini umeiamini hiyo ukaiacha nyingine, unaulizwa umejuaje na unakosa cha kujibu, na mwenye pepa hiyo nilikuwa mimi.

Kusoma kitu hiki kwa mbali watu wanaona ni mambo ya juzi juzi, lakini Royal Holloway ya Chuo Kikuu cha London walianza masta ya usalama wa taarifa mwaka 1992, na Georgia Tech walifungua masta yao ya usalama wa mitandao ya kusoma mtandaoni Januari 2019. Nawataja kwa sababu hao Georgia Tech wameigawa masta yao njia tatu, kuna ya usalama wa taarifa kwa maana ya kompyuta zenyewe, kuna ya sera, na kuna ya mifumo ya nishati na mitambo, na huo mgawanyo unakusaidia kujiuliza kabla hujatuma maombi popote. Jina la shahada litakuwa lilelile "usalama wa mitandao" lakini chuo kimoja kitakupa kriptografia, mifumo ya uendeshaji na usalama wa programu, na kingine kitakupa sheria, usimamizi wa hatari na ISO 27001, kile kiwango cha kimataifa cha kusimamia usalama wa taarifa, mwanzo mwisho. Zote ni kazi halali na zote zinatafutwa. Fungua orodha ya kozi, soma moja moja, angalia zipi ni lazima na zipi za kuchagua, angalia kama kuna maabara za kufanya kwa mikono au ni video na maswali ya kuchagua tu. Nimeona mwenzangu anaacha muhula wa pili kwa sababu alitaka kuvunja programu akajikuta anaandika sera, na mwingine kinyume chake. Inauma, maana wote wawili walikuwa na uwezo.

Wiki ya pili tuliambiwa tupakue kompyuta pepe ya kufanyia maabara, faili la giga kadhaa, unalifungua ndani ya VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, na kila kitu kinakaa humo humo. Intaneti ilikatika mara mbili katikati, faili likaendelea, likaisha, nikafungua, Linux ikawaka vizuri tu. Shida ikaanza kwenye kukompaili, yaani kugeuza kodi iwe programu, programu moja inakubali, nyingine inatoa makosa ambayo kwenye foramu hamna mwenzangu aliyewahi kuyaona, jioni mbili zimekwenda natafuta kosa kwenye kazi yangu mwenyewe. Siku ya tatu ndo nikakumbuka kwenye ukurasa wa kupakulia kulikuwa na mstari mrefu wa herufi na namba 64, ile SHA-256, kama alama ya kidole ya faili, nikapiga amri ya kukokotoa ya kwangu, na zilikuwa tofauti kuanzia herufi ya kwanza. Faili lilikuwa limeharibika njiani. Nikapakua upya, nikakokotoa tena, nikazisoma zote 64 kwa kidole kwenye skrini, zikalingana, na makosa yote yakaisha.

Darasani tulikuwa tumeshafundishwa usiri, uadilifu na upatikanaji, yale mambo matatu ambayo kila kitabu kinaanza nayo, na mimi neno uadilifu, yaani kitu kubaki kilivyo bila kubadilishwa, nililielewa siku ile kuliko kwenye slaidi yoyote. Ila nilipoeleza hayo kwenye foramu kwa furaha, mhadhiri akaja na swali lake: hiyo namba uliyolinganisha nayo ilikuwa kwenye ukurasa uleule wa faili, kama mtu ameingia kwenye ukurasa akabadilisha vyote viwili, umejuaje? Akatukumbusha Linux Mint Februari 2016, tovuti yao iliingiliwa na kiungo cha kupakulia kikaelekezwa kwenye faili lenye mlango wa nyuma wa kuingilia kwa siri. Kwahiyo unahitaji saini ya kidijitali. Sawa, na ufunguo wa kuhakiki hiyo saini umepewa na nani? Ukiendelea kurudi nyuma hivyo unafika kwa Ken Thompson, kwenye hotuba yake ya tuzo ya Turing, ile kubwa ya sayansi ya kompyuta, iliyochapishwa mwaka 1984, alipoonyesha kwamba hata kompaila inaweza kutiwa hila ikaweka mlango wa nyuma kwenye programu ambayo ukiisoma kodi yake yote ni safi, na hata kodi ya kompaila yenyewe ukiisoma hauoni kitu. Nilisoma hiyo hotuba, ni fupi, kurasa chache tu, na usiku ule sikulala mapema. Mwisho wa siku kuna mahali lazima umwamini mtu, na kazi yako ni kujua mahali hapo ni wapi na kupaandika.

Maabara ambayo sitaisahau ni ya kufurisha bafa, yaani kujaza nafasi ya kumbukumbu ya programu mpaka imwagike. Wengi wanaofundisha hii fani wanatumia SEED Labs za Profesa Wenliang Du wa Syracuse, mradi wa tangu 2002 na ziko wazi kwa yeyote, kwahiyo hata kama hujajiunga popote unaweza kuzifanya leo. Wazo ni la zamani. Novemba 1988 Robert Tappan Morris aliachia mnyoo wake kwenye intaneti, na moja ya njia zake za kuingia ilikuwa programu ya fingerd iliyokuwa inasoma maandishi bila kuuliza urefu wake, imetengewa nafasi ya baiti 512, mnyoo ukatuma 536, zile za ziada zikamwagikia sehemu ya kumbukumbu inayosema programu irudi wapi ikimaliza. Ukiweza kuandika hapo, wewe ndo unaamua irudi wapi.

Kwenye karatasi nilielewa. Nikakaa kwenye kiti saa mbili usiku, nimezima ulinzi wote kama maelekezo yanavyosema, anwani za kumbukumbu hazihamishwi hovyo, nikaendesha programu ndani ya gdb, chombo cha kuchungulia programu ikiwa inaenda, nikapima kutoka mwanzo wa bafa mpaka anwani ya kurudi, nikatengeneza faili langu, nikaendesha, nikapata sheli, yaani sehemu ya kuandika amri kwenye mashine. Nikatoka kwenye gdb niendeshe kawaida ili nipige picha ya ripoti, ikaniandikia segmentation fault, yaani programu imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa ikafa. Nikarudi ndani ya gdb, inakubali. Nje, inakataa. Ndani, inakubali. Programu ileile, faili lilelile. Saa sita usiku bado nabadilisha baiti moja moja kwa kubahatisha, alafu nikaacha, nikaandika kwenye daftari swali hilohilo, umejuaje kwamba anwani uliyoipima ndani ndiyo ya nje?

Sikuwa najua. Nilidhania tu. Nikaandika kiprogramu kidogo cha kuonyesha anwani ya steki, ile sehemu ya kumbukumbu inapokaa bafa na anwani ya kurudi, nikakiendesha nje na ndani, na kweli zilitofautiana. Kumbe gdb inaongeza vigezo vyake kwenye mazingira ya programu, vile vya LINES na COLUMNS, na mazingira yanakaa juu kabisa ya steki, kwahiyo ndani ya gdb kila kitu kinasukumwa chini kidogo na ukitoka nje kinapanda. Nilikuwa nalenga chini mno. Nikapandisha anwani, nikaweka na mlolongo mrefu wa 0x90, zile amri za "usifanye kitu pita mbele", ili hata nikikosea kidogo niteleze mpaka kwenye kodi yangu. Saa nane na dakika kadhaa sheli ikafunguka, alama ya reli (#) ikatokea kwenye skrini maana yake mimi ni rutu, mtumiaji mwenye mamlaka yote, na nyumba nzima imelala sina wa kumwambia.

Na unajua alama zilikuwa wapi? Kuingia kulikuwa na alama chache tu. Nyingi zilikuwa kwenye kueleza kwanini ilikataa mwanzo, na kuwasha ulinzi mmoja mmoja, kuhamisha anwani, kuzuia steki isiendeshe kodi, kile kinga cha thamani ya siri kabla ya anwani ya kurudi, na kusema kila kimoja kinazuia nini na kinaacha nini. Hapo ndo tofauti ya masta na video za bure za kudukua, kwa maoni yangu. Video inakuonyesha ilipokubali. Haikuonyeshi masaa manne ya kukataa, na masaa manne yale ndo yanayofanana na kazi.

Neno moja muhimu kwa wanaoanza, maana nimeona watu wanapata joto wakishajifunza Nmap, ile programu ya kuskani mitandao, siku mbili. Kila kitu fanya kwenye mtandao wako wa ndani ya kompyuta yako, usiguse mfumo wa mtu bila ruhusa ya maandishi inayosema mfumo gani, lini mpaka lini. Sheria nyingi haziangalii kama uliiba au ulikuwa unajifunza, kuingia kwenyewe ni kosa, na Morris wa pale juu ndo alikuwa wa kwanza kutiwa hatiani na jopo la mahakama chini ya sheria ya Marekani ya makosa ya kompyuta ya 1986, japo alisema hakukusudia kuharibu.

Kuhusu upweke. Upo. Hakuna korido ya kumkamata mwenzako baada ya kipindi, unaangalia video peke yako, unakwama peke yako, na swali lako kwenye foramu linajibiwa ukiwa usingizini kwa sababu wenzako wako kwenye saa tofauti na zako. Mitihani nayo ni kamera imewashwa, unazungusha laptopu kuonyesha chumba, mezani hamna karatasi. Mimi kwa wiki inanila masaa 15 mpaka 20, na wiki ya kukusanya kazi inazidi, kwahiyo ongea na watu unaoishi nao kabla hujalipa ada, wajue jumapili zako zinaenda wapi. Kilichoniokoa ni kikundi cha watu wanne, tunakutana mara moja kwa wiki kwa video, kila mmoja anaeleza kitu kimoja ambacho hakukielewa.

Mmoja kwenye kikundi ni dada aliyekuwa muuguzi kabla ya kuhamia huku, na huyo dada amenifundisha kuliko vitabu kadhaa. Tulikuwa tunajadili nywila, mimi nikasema watu wa wodini wanatumia akaunti moja kwa sababu hawajali usalama. Akasema, kaka, wewe umeshawahi kusimama pale? Akaeleza, kuingia kwenye mfumo kunachukua dakika nzima, zamu moja unaingia na kutoka mara nyingi mno, mgonjwa mbele yako anahitaji dawa, kwahiyo wa kwanza akifika anaingia na wote wanatumia hapohapo mpaka zamu iishe. Wanajali sana, wanajali mgonjwa. Nikanyamaza. Baadaye nikaisoma kazi ya Anne Adams na Angela Sasse ya 1999 inayosema mtumiaji sio adui, kwamba watu wanapita pembeni ya ulinzi pale ulinzi unapogongana na kazi yao, na nikasoma mwongozo wa nywila wa 2017 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulioacha kutaka watu wabadilishe nywila kila baada ya muda bila sababu, kwa kuwa ukiwalazimisha wanaishia kuongeza namba moja mwishoni. Yote hayo yameandikwa vizuri, ila mimi niliyaamini nilipomsikia yeye.

Wanaouliza kati ya vyeti na masta, jibu langu ni inategemea unataka nini kesho asubuhi. Kama unatafuta kazi ya kwanza na una miezi michache, Security+ inafungua mlango haraka zaidi. Kama unataka kupima mikono yako, mtihani wa OSCP unakuweka karibu siku nzima mbele ya mashine za kuvunja. CISSP inakutaka uwe na miaka 5 ya kazi, shahada inakupunguzia mmoja. Masta ni ndefu, ni ghali, na kama hupendi kusoma na kuandika itakuchosha vibaya, lakini ukiipenda inakupa mazoea ya kutoamini sentensi yako mwenyewe mpaka uijaribu, na mimi hicho ndo nilikuwa nakikosa baada ya miaka ya kuzima moto kazini.

Wiki iliyopita tulikuwa na kazi ya uchunguzi wa kidijitali, tumepewa nakala ya diski na nakala ya flashi, za mazoezi, tueleze nani alinakili mafaili na lini. Tukapanga matukio kwa muda, na kitu kikagoma: mafaili yameandikwa kwenye flashi masaa manne na dakika 49 kabla mtu hajaingia kwenye kompyuta. Kikundi kizima tukakubaliana kwamba mtu alichezea saa. Nikawa nimeshaandika hiyo sentensi kwenye ripoti, inasomeka vizuri, ina mvuto, alafu mkono ukasimama. Diski ilikuwa na mpangilio wa mafaili wa NTFS, ambao unaweka muda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Flashi ilikuwa na mpangilio wa FAT32, ambao unaweka muda wa saa ya kompyuta kama ulivyo, bila kusema ni wa ukanda gani. Nikafungua rejista ya ile Windows, nikatafuta ukanda wa saa uliowekwa, ilikuwa nyuma ya UTC kwa masaa 5. Programu yetu ya uchunguzi ilikuwa inasoma muda wa flashi kana kwamba nao ni UTC. Nikarekebisha, na mafaili yakaangukia dakika 11 baada ya mtu kuingia. Hakuna aliyechezea saa.

Nikawapigia wenzangu jumapili usiku, dada alikuwa ndo ametoka kulala, tukafuta ile sentensi pamoja. Tukaacha akaunti iliyoingia, saa yake, namba ya flashi, majina ya mafaili. Kwenye nani hasa alikuwa amekaa kwenye kiti, tukaandika kwamba logi zinaonyesha akaunti na hazionyeshi mtu, na kwamba hilo hatukuweza kulithibitisha kutoka kwenye nakala tulizopewa. Tukatuma dakika ishirini kabla ya dedilaini. Alama bado hazijatoka.